Mwenzako akiondoka, shika wimbo wake

*Nyanda za kati zimetoa wanamuziki waliovuma hadi Ulaya. Wenzao waliobaki wanawaenzi vipi, na sisi wasikilizaji tunadaiwa nini?*

Na Mwandishi Maalumu, Kolo

Mabasi yanayotoka Dodoma kwenda Babati na Arusha hupunguza mwendo yakifika Kolo. Wageni waliokuja kuona michoro ya miambani hushuka hapa kuulizia ofisi ya Mambo ya Kale, wachuuzi hupitisha karanga na maji madirishani, na utingo hugonga bodi la basi safari iendelee. Muziki wa ndani hauzimwi. Dereva mtu mzima ataweka "Harusi" ya Afro 70, kisha "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe. Utingo wake, kijana, akipata upenyo wa kuishika redio huchomeka flashi yake na kuweka "Ghetto Langu" ya Ngwair. Basi huanza kupanda kuelekea Bereko bila abiria kulalamika, maana kila rika limepata lake.

Wachache ndani ya basi hilo wanajua kwamba nyimbo mbili kati ya hizo tatu ni za watu wa Dodoma. Patrick Balisidya, aliyeiongoza Afro 70, alizaliwa Mvumi. Albert Mangweha, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Ngwair, alikulia Dodoma mjini. Ukimwongeza Hukwe Zawose wa kijiji cha Nzali, unapata miziki ya aina tatu kutoka katika nchi ambayo wengi huitaja wakizungumzia ukame, zabibu na makao makuu ya serikali.

Wote watatu wametangulia mbele ya haki. Kila mmoja aliacha wenzake waliopiga naye, waliosafiri naye, waliogawana naye posho ndogo na chumba kimoja cha gesti. Makala haya yanawahusu hao waliobaki. Wanamuziki wanapompoteza mwenzao hufanya nini na nyimbo zake? Na urafiki ule uliokuwa ukionekana jukwaani unadumu muda gani baada ya matanga kuanuliwa?

Watatu wa nchi kavu

Ilimba ya Wagogo ni sanduku la mbao lililopangiwa juu yake vijiti vya chuma vilivyofuliwa bapa. Mpigaji hulishika kwa mikono miwili na kuvichezea vijiti kwa vidole. Kwenye tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaoipa sauti mvumo mkavu ambao Mgogo akiusikia popote duniani anajua ni wa kwao. Chombo hicho, pamoja na zeze na sauti yake iliyoweza kushuka chini kabisa kisha kupanda juu kwa pumzi moja, ndicho kilichomtoa Hukwe Zawose kijijini. Mwalimu Nyerere alimsikia na kumwita Dar es Salaam. Akaingia katika kikundi cha taifa cha ngoma, baadaye akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na mwaka 1996 kampuni ya Real World ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel ikatoa albamu yake "Chibite".

Katika safari zake nyingi za nje Zawose alifuatana na mpwa wake, Charles. Mjomba na mpwa walikaa mbele ya maelfu ya Wazungu wasioelewa neno hata moja la Kigogo, wakapokezana sauti kama walivyozoea nyumbani. Hukwe alifariki Desemba 2003. Charles akamfuata mwaka 2004. Nyumba ilipata pigo mara mbili, na mtu angeweza kudhani kwamba ilimba ile sasa itatundikwa ukutani.

Haikutundikwa. Jamaa waliobaki Bagamoyo waliendelea kupiga, na wanawake, ambao kwa miaka mingi walikuwa waitikiaji nyuma ya wanaume, wakasogea mbele. Mwaka 2024 Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, walitoa albamu "Maisha" kwa jina la The Zawose Queens, chini ya kampuni ileile iliyomtoa mzee. Anayezijua mila za Wagogo hatashangaa sana. Ngoma ya muheme tangu zamani ni ya wanawake, wao ndio wapigaji. Mabinti hao wamefanya duniani kile ambacho bibi zao walikifanya uwanjani.

Patrick Balisidya alipita njia nyingine. Alizaliwa Mvumi mwaka 1946, mahali palipokuwa na misheni ya Kianglikana, na alipofika Dar es Salaam alijiunga na Dar es Salaam Jazz mwaka 1967. Mwaka 1970 akaanzisha Afro 70 na mtindo wake wa Afrosa. Aliimba, alipiga gitaa, alipiga kinanda, alitunga. Mwaka 1977 alikuwa katika msafara wa Tanzania kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC, mjini Lagos. Kisha akaenda Sweden, na huko akarekodi albamu "Bado Kidogo" pamoja na kundi la wenyeji lililoitwa Archimedes Badkar. Wasikilize Waswidi wale katika rekodi hiyo. Hawamfundishi muziki wao wala hawamsindikizi kwa kumhurumia. Wanapiga wakimfuata yeye, na hiyo ni heshima ambayo mwanamuziki huitambua haraka kuliko hotuba.

Balisidya alifariki Agosti 2004, kabla ya kupita miezi tisa tangu kifo cha Zawose. Mwaka uleule wa 2004 kijana wa Dodoma alikuwa ametoa albamu "A.K.A. Mimi" katika studio za Bongo Records chini ya mtayarishaji P-Funk Majani, na nchi nzima ikawa inamwimba. Ngwair alikuwa hodari wa mitindo huru: unampa mdundo hapohapo, naye anakuteremshia mistari bila karatasi. Alikuwa na kundi lake, Chamber Squad, pamoja na Noorah, Mez B na Dark Master, na ukisikiliza kazi za kundi hilo utaona kila mmoja anavyomtengenezea mwenzake nafasi ya kung'ara.

Ngwair alifia Johannesburg tarehe 28 Mei 2013, akiwa na umri wa miaka 30, akazikwa Morogoro. Siku zile Lady Jaydee alikuwa ametangaza onyesho la kuadhimisha miaka 13 ya muziki wake. Aliliahirisha. Anayejua gharama ya kukodi ukumbi, kulipa vyombo, kuchapa matangazo na kuwaambia watu wenye tiketi warudi siku nyingine, ataelewa uzito wa uamuzi ule. Februari 2015 Mez B naye akafariki, hapahapa Dodoma. Watu wawili wa kundi moja, katika muda usiozidi miaka miwili.

Wapinzani wa chungu kimoja

Mtu anayeujua muziki wa dansi kwa kusimuliwa tu anaweza kudhani kwamba bendi zetu zilichukiana. Ushindani ulikuwepo, tena mkali. Msondo na Sikinde zimeshindanishwa kwa miongo mingi, mashabiki wakigawanyika hata ndani ya nyumba moja, na nyimbo zikirushiana mafumbo ambayo watu wa mjini waliyafumbua kabla ya kiitikio cha pili.

Hata hivyo fuatilia majina. Muhidin Maalim Gurumo alikuwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo baadaye iliitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuijenga Mlimani Park, wenye Sikinde yao. Katikati ya miaka ya 1980 akaenda Orchestra Safari Sound. Mwishowe akarudi Msondo. Hassan Bitchuka naye amekuwa mwimbaji wa pande zote mbili. Kwa hiyo shabiki aliyekuwa akimzomea mwenzake wa upande wa pili alikuwa akiwazomea watu walewale aliowashangilia miaka michache nyuma. Wanamuziki wenyewe walijua hivyo. Walikuwa ndugu waliohama nyumba, na kila aliyehama aliacha tungo zake kwa wenyeji, nao wakaendelea kuzipiga.

Kuna desturi moja ya jukwaani ambayo ningependa vijana waijue kabla haijapotea. Mwanamuziki wa bendi nyingine akiingia ukumbini, hukaa zake mezani na kinywaji chake. Kiongozi wa bendi akimwona, humtaja kwenye maikrofoni na kumwalika "aje kusalimia". Mgeni hupanda, huazimwa gitaa au hupewa maikrofoni, na mara nyingi huchagua wimbo ambao wenyeji wanaujua ili asiwatie tabu. Mwenye gitaa lake husogea pembeni na kusimama akitazama vidole vya mgeni. Wimbo ukiisha mgeni hurudisha chombo, hupeana mikono na kila mmoja, hushuka. Mambo yote hayo huchukua dakika kumi. Katika dakika hizo kumi vijana wa bendi hujifunza kitu, mashabiki huona kwamba tambo za redioni zina mpaka wake, na mgeni, ambaye pengine bendi yake imevunjika na hana kazi, hukumbushwa kwamba bado ni mwanamuziki.

Kuna pia kutajana. Wimbo ukishachanganya, mwimbaji hulitaja jina la mpiga solo, la mpiga tumba, la mpiga saksofoni. Rekodi nyingi za Radio Tanzania hazikuwahi kuuzwa dukani kama sahani, na hazikuwa na jalada lililoandikwa nani kapiga nini. Majina yale yaliyotajwa katikati ya wimbo ndiyo kumbukumbu pekee kwa baadhi ya wapigaji. Mwimbaji aliyemtaja mwenzake alikuwa akimwandika katika historia, ajue asijue.

Na kuna kopi. Neno hili limedharauliwa sana, ikionekana kwamba bendi inayopiga kopi haina ubunifu. Mimi nalitetea. Salum Abdallah alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, Cuban Marimba ya Morogoro haikufa naye, kwa sababu Juma Kilaza na wenzake waliibeba. Mbaraka Mwinshehe alipofariki Januari 1979, naye kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, wenzake wa Super Volcano waliobaki Kenya waliendelea kwa jina la Les Volcano chini ya Charles Ray Kasembe. Bendi za hoteli za mikoani, Dodoma ikiwamo, zimepiga nyimbo za hao wawili Jumamosi baada ya Jumamosi kwa zaidi ya miaka 40. Kama leo kijana wa Kondoa anaweza kuimba wimbo wa mtu aliyekufa kabla baba yake hajaoa, amshukuru mpiga kopi.

Kinshasa, Jacksonville na Unguja

Wenzetu wa Kongo wametupa mfano ambao hauna mpinzani. Kinshasa ya zamani ilikuwa na kambi mbili: African Jazz ya Joseph Kabasele, mtunzi wa "Indépendance Cha Cha" ya mwaka 1960, na OK Jazz ya Franco. Tabu Ley Rochereau alilelewa na Kabasele kimuziki, kisha mwaka 1963 akaondoka pamoja na Dr Nico kuunda African Fiesta. Kwa miaka 20 iliyofuata Tabu Ley na Franco ndio waliokuwa mafahali wawili wa mji ule, na mashabiki wao hawakukaa meza moja.

Kabasele alifariki Februari 1983. Mwaka huohuo Franco na Tabu Ley waliingia studio pamoja, na miongoni mwa nyimbo walizotoa kuna "Kabasele in Memoriam". Franco hakuwahi kuwa mwanafunzi wa Kabasele, alikuwa wa shule pinzani. Angeweza kutuma rambirambi akanyamaza. Badala yake aliimba pamoja na hasimu wake ili kumuaga mtu ambaye muziki wake ulikuwa mpinzani wa ule wa Franco. Miaka sita baadaye, Oktoba 1989, Franco mwenyewe alipofariki, Zaire iliomboleza siku nne. Ukubwa wa mtu hupimwa pia kwa namna alivyowakuza wenzake.

Hata huko Marekani, katika majimbo ya kusini, bendi za roki za miaka ya 1970 ziliishi hivyo. Mji wa Jacksonville, Florida, ndiko lilikozaliwa kundi la Lynyrd Skynyrd, na ndiko Allman Brothers Band walikoanzia mwaka 1969. Mpiga gitaa Duane Allman alipofariki kwa ajali ya pikipiki Oktoba 1971, Skynyrd waliupiga wimbo wao mrefu "Free Bird" jukwaani kwa kumkumbuka. Oktoba 1977 ndege ya Skynyrd ikaanguka Mississippi na mwimbaji wao Ronnie Van Zant akafariki. Rafiki yao Charlie Daniels alikuwa tayari ametoa wimbo unaozitaja bendi za wenzake kwa majina, moja baada ya nyingine, na baada ya ajali ile akatoa mwingine wa kuwakumbuka Van Zant na wengine waliotangulia. Bendi zile ziligombea wasikilizaji walewale na kumbi zilezile. Wala hazikuona shida kutangazana.

Kwa Waswahili wa pwani heshima hii ina umri mkubwa zaidi. Siti binti Saad na kundi lake walirekodi santuri Bombay mwaka 1928. Alipofariki mwaka 1950, Shaaban Robert alimwandikia kitabu, "Wasifu wa Siti Binti Saad". Mwandishi mkubwa wa lugha yetu alikaa chini akaandika maisha ya mwimbaji, wakati wapo waliomwona mwimbaji kuwa si mtu wa kuandikiwa. Na Bi Kidude alizishika nyimbo za Siti akaziimba hadi uzeeni, mpaka alipofariki Aprili 2013. Kitabu kilimpa Siti wasomaji. Kidude alimpa miaka 60 zaidi ya kusikika.

Nyimbo za viongozi na kimya cha wasanii

Nchi yetu inajua kuomboleza kwa nyimbo. Mwalimu Nyerere alipofariki Oktoba 1999, bendi, kwaya na vikundi vya taarabu vilifanya kazi usiku na mchana, na sauti ya Kapteni John Komba na kundi lake la TOT ikawa ndiyo sauti ya msiba ule. Rais John Magufuli alipofariki Machi 2021, wasanii walikusanyika studio ndani ya siku chache na kutoa nyimbo za kumuaga. Sina neno baya juu ya hilo. Kiongozi ni wa wote, na wimbo wa msiba humsaidia mtu kulia.

Ninachouliza ni hiki: nguvu ileile, umoja uleule, kwa nini hauonekani mara kwa mara msanii mwenzao anapoondoka? Kwenye msiba wa msanii tunaona picha mitandaoni, fulana zilizochapwa sura yake, magari mengi makaburini. Hotuba zinakuwa nzuri. Baada ya arobaini kimya kinaingia, na nyimbo zake zinabaki kutegemea huruma ya mpiga disko.

Upande wa heshima kwa aliye hai tunao mfano mzuri wa karibu. Mwaka 2013 Gurumo alistaafu baada ya zaidi ya miaka 50 ya muziki, na watu wakashangaa kusikia kwamba mtu aliyeimba muda wote huo hakuwa hata na gari. Diamond Platnumz, kijana wa muziki mwingine kabisa, alimkabidhi gari hadharani. Wapo waliosema alitafuta sifa. Mimi naangalia tarehe. Gurumo alifariki Aprili 2014, miezi michache baadaye. Kama kijana yule angesubiri msiba, angenunua shada. Aliyemheshimu mzee akiwa na macho ya kuona amefanya jambo ambalo maneno ya makaburini hayawezi kulifikia.

Hesabu ya miaka 50

Heshima ina upande wa fedha pia, na hapo ndipo urafiki wa wanamuziki hujaribiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Piga hesabu. Salum Abdallah alifariki 1965, kwa hiyo muda wake ulimalizika 2015. Wa Mbaraka Mwinshehe unafika 2029. Wa Balisidya unafika 2054, na wa Ngwair 2063.

Maana yake ni kwamba warithi wa Mbaraka wana muda mfupi sana uliobaki wa kudai chochote kwa tungo ambazo zinapigwa kila wikiendi. Warithi wa Balisidya wana muda mrefu kidogo, na "Harusi" haijaacha kupigwa kumbini. Kila bibi harusi anayeingia ukumbini kwa wimbo ule amemwajiri Balisidya kwa dakika tano. Wangapi wamelipa?

Vijana wa muziki wa kisasa wanapenda kuchukua kionjo cha wimbo wa zamani na kukijengea mdundo mpya. Ni jambo jema, na kwa wimbo wa mzee ni kama kuongezewa umri. Lakini msanii anayesema hadharani kwamba anamuenzi marehemu wakati hajaomba ruhusa ya familia, hajaandika jina la mtunzi na hajapitia ofisi ya hakimiliki, COSOTA, huyo amechukua mali ya yatima kwa jina la mapenzi. Maneno haya ni makali na nimeyapima kabla ya kuyaandika. Jina la mtunzi na malipo kwa warithi ndiyo sehemu ya kumuenzi mtu ambayo watoto wake wanaweza kupeleka dukani.

Wachoraji wasio na majina

Narudi kwenye sababu ya kuandika nikiwa Kolo. Katika vilima vya Irangi vinavyotazama kijiji hiki kuna michoro ya kale iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mtafiti Mary Leakey alikuja mwaka 1951 kuinakili. Katika pango la Mungomi wa Kolo kuna watu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, na mahali pengine michoro myeupe ya zama za baadaye imepita juu ya ile ya zamani. Warangi hawakuliacha pango lile liwe la watalii peke yao. Wamelitumia vizazi kwa vizazi kwa matambiko yao. Serikali imeweka ofisi na walinzi, na mgeni hawezi kupanda bila mwongozaji.

Ulinzi ule ni halali na uendelee. Lakini fikiri jambo moja. Hatujui jina la mchoraji hata mmoja wa Kolo. Aliyeishi naye, aliyemsagia rangi, aliyemwambia "umepatia", wote wamepotea bila jina. Hatuna la kufanya juu ya hilo. Kwa wanamuziki wetu tunalo la kufanya. Jina la mpiga solo tunalijua. Jina la aliyemfundisha tunalijua. Wengine waliopiga nao wangali hai, wanakaa Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam, wengine wakisumbuliwa na miguu na sukari, na kumbukumbu zao ndizo pango letu la pili. Kila mmoja akizikwa bila kurekodiwa, tunarudi kwenye hali ileile ya Kolo: picha ipo, mchoraji hajulikani.

Yapo mambo ambayo yanaweza kuanza bila kusubiri bajeti ya mwaka mwingine. Tangu serikali ihamie Dodoma, kumbi na hoteli zimeongezeka na bendi zinapata kazi. Kila bendi inayopiga Dodoma iwe na nyimbo mbili za Balisidya zilizofanyiwa mazoezi sawasawa, na mwimbaji amtaje kabla ya kuanza. Vijana wa Hip Hop wa Dodoma wana Mei 28 na Februari 20 kwenye kalenda, tarehe alizofariki Ngwair na Mez B. Siku hizo zinatosha kwa onyesho moja la mitindo huru, kiingilio kikaenda kwa familia. Chamwino wameshaonyesha njia kwa tamasha la muziki wa Wagogo lililoasisiwa na mwanamuziki na mwanazuoni Kedmon Mapana, ambapo vikundi vya vijiji hukutana kila kimoja na ngoma yake. Mashindano na undugu vinakaa pamoja pale bila kugombana, na watoto wanaona ilimba ikipigwa na watu wa kijiji chao, wala si kwenye runinga.

Watangazaji wa redio nao wana deni dogo sana la kulipa: kutaja. Baada ya wimbo, sema nani katunga, nani kapiga gitaa, mwaka gani. Sekunde kumi zinatosha. TBC imerithi kanda za Radio Tanzania, hazina ambayo hakuna nchi jirani isiyoitamani, na kila kanda inayopigwa hewani kwa majina kamili ni mtu mmoja aliyerudishiwa haki yake.

Lakini mzigo mkubwa unabaki kwa wanamuziki wenyewe. Franco hakuamriwa na wizara. Bi Kidude hakulipwa kuzishika nyimbo za Siti. Pendo na Leah hawakusubiri tamko ili waichukue ilimba ya mzee wao. Walifanya hivyo kwa sababu walijua, kama kila aliyewahi kusimama jukwaani anavyojua, kwamba hakuna anayepiga muziki peke yake. Sauti yako imeshikwa na mpiga besi ambaye watu hawamtazami, na jina lako limebebwa na mshindani aliyekulazimisha ufanye mazoezi. Siku akitangulia, wimbo wake uko mikononi mwako. Upige vizuri, mtaje, na fungu la familia yake lifike.